Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuanzisha upya michakato ya usimamizi ya fayawoli

Hali yenyewe huwa hivi: mtandao unafanya kazi, watu wanaendelea na shughuli zao, hakuna aliyelalamika. Unayeteseka ni wewe peke yako, maana ukurasa wa usimamizi wa fayawoli umegoma kufunguka, au umefunguka lakini unazunguka tu bila kuonyesha kitu. Mkono unawasha kugusa swichi ya umeme. Subiri kidogo. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi na wenzangu wanaposhikwa na hali hiyo, na nimeyajibu kwa jinsi ninavyofanya mwenyewe. Amri nilizotaja ni za vifaa vinavyotumika sana. Matoleo ya programu hutofautiana, kwa hiyo hakikisha toleo lako linaikubali amri kabla ya kubonyeza Enter.

Michakato ya usimamizi ni ipi hasa?

Fayawoli, au ukuta wa moto kama wengine wanavyoiita, ni kompyuta yenye kazi mbili. Ya kwanza ni kupokea pakiti, kuzilinganisha na kanuni, kisha kuzipitisha au kuzitupa. Ya pili ni kuzungumza na wewe: kukuonyesha kurasa, kupokea mabadiliko, kuandika logi, kujibu maswali ya SNMP (itifaki ya kufuatilia vifaa) na API (mlango wa programu nyingine kuzungumza na kifaa). Kazi hii ya pili hufanywa na programu kadhaa zinazoendeshwa kimyakimya, kila moja na jina lake. Kwenye vifaa vya Palo Alto Networks utakuta `management-server` na `web-server`. FortiGate ina `httpsd`. Check Point ina `cpd` na `fwd`, na kwenye seva yake ya usimamizi kuna `CPM`. pfSense inategemea nginx (seva ya wavuti) na PHP-FPM (inayoendesha programu ya ukurasa), na Juniper SRX ina `mgd` pamoja na `httpd`.

Yajue majina ya kifaa chako siku ya amani. Usiku wa tatizo si wakati wa kujifunza msamiati.

Nikianzisha upya mchakato wa usimamizi, watumiaji watakatikiwa?

Mara nyingi hapana, lakini jibu linategemea kifaa kilivyojengwa. Fayawoli za Palo Alto zimetenganisha upande wa usimamizi na upande wa data, na kwenye modeli kubwa kila upande una prosesa na memori yake. Unaweza kuanzisha upya `management-server` mchana kweupe na sesheni za watumiaji zikaendelea. pfSense nayo huchuja pakiti ndani ya keneli (kiini cha mfumo) ya FreeBSD kwa kutumia kichujio kiitwacho pf, na ukurasa unaouona ni PHP tu iliyokaa juu yake. Ukizimika ukurasa, kanuni zinabaki zinafanya kazi.

Kwenye vifaa vidogo ambamo kila kitu kinagawana memori moja, mchakato wa usimamizi uliolewa unaweza kumla mwenzake. Hapo kuuanzisha upya ndiko kunakowaokoa watumiaji.

Hatari ipo kwenye michakato inayofanana na ya usimamizi lakini imebeba mzigo mwingine. Ukigusa `routed` kwenye PAN-OS, mfumo wa Palo Alto, majirani wa BGP na OSPF (itifaki za kubadilishana ruti) wanaweza kuanguka. Amri ya `restart routing` kwenye Junos, mfumo wa Juniper, ni ya jamii hiyohiyo. Ukiandika `diagnose test application ipsmonitor 99` kwenye FortiGate, unaanzisha upya injini za IPS (kuzuia mashambulizi), na hizo ziko kwenye njia ya trafiki.

Na kuna `cpstop` ya Check Point. Mimi niliwahi kufungua madirisha mawili ya SSH (mstari wa amri kupitia mtandao) ubavu kwa ubavu, moja la seva ya usimamizi na jingine la geti lenyewe linalopitisha trafiki. Nikaandika `cpstop` kwenye dirisha lisilo lake. Kwenye seva ya usimamizi amri hiyo humkera msimamizi tu. Kwenye geti, huduma za fayawoli zinasimama na sera inaondoka nazo. Simu zilianza kulia kabla sijanyanyua kichwa. Tangu siku hiyo madirisha yangu yana rangi tofauti, na kabla ya amri yoyote nzito naandika `hostname` kwanza. Kama ni lazima kusimamisha michakato ya geti huku sera ikibaki kwenye keneli, ipo `cpstop -fwflag -proc`, na hata hiyo huiombea muda rasmi wa matengenezo.

Nitajuaje kwamba kilichokwama ni mchakato, si kitu kingine?

Hapa ndipo watu wengi wanaruka hatua. Ukurasa kutofunguka ni dalili moja yenye vyanzo kumi, na kuanzisha upya kunatibu vichache tu kati yake. Anza kwa kusoma namna ukurasa unavyoshindwa.

Kivinjari kikisema muunganisho umekataliwa papo hapo, maana yake pakiti yako imefika na hakuna anayesikiliza kwenye poti ile. Hapo mchakato umekufa kweli, au mtu amebadilisha namba ya poti. Kikikaa muda mrefu kisha kikakata tamaa, mara nyingi pakiti zinatupwa njiani: anwani yako haimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, ruti imebadilika, au mtu ameondoa ruhusa ya usimamizi kwenye kiolesura kile. Kuanzisha upya hapo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Ukiona ukurasa wenye namba 502 au 503, seva ya wavuti iko hai ila programu iliyo nyuma yake haijibu. Kwenye pfSense hiyo ni alama ya PHP-FPM kukwama, na kuianzisha nginx peke yake hakutasaidia.

Onyo la cheti ni jambo jingine kabisa. Vivinjari vikubwa viliacha kukubali TLS (usimbaji wa mawasiliano ya wavuti) 1.0 na 1.1 mwaka 2020, na Machi 2021 waraka wa RFC 8996 ukayazika rasmi matoleo hayo. Fayawoli kuukuu inayojua TLS ya zamani tu itaonekana imekufa mbele ya kivinjari kipya, hali iko buheri wa afya. Jaribu `curl -vk` ukifuatisha anwani ya kifaa, au `openssl s_client -connect`, uone mazungumzo yanakatikia wapi.

Kisha kuna tatizo la kuingia. Ukurasa unafunguka, unaandika nenosiri, halafu kimya kinatanda kwa nusu dakika. Wengi huulaumu mchakato. Mimi hujaribu kwanza akaunti ya ndani ya kifaa chenyewe. Ikiingia mara moja, fayawoli haina kosa: inasubiri seva ya nje ya kuthibitisha watumiaji (RADIUS, LDAP au TACACS+) isiyojibu. Na kama tarakimu za uthibitisho wa hatua ya pili zinakataliwa kila mara, angalia saa ya kifaa. Tarakimu hizo hubadilika kila sekunde 30 kwa kawaida, na mfumo wa uthibitisho wa Kerberos kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. NTP, huduma inayolinganisha saa, ikifa, milango hujifunga yenyewe.

Mwisho, fungua ukurasa kwa kivinjari kingine. Ndiyo, najua. Fungua tu.

Kabla sijagusa kitu, nikusanye nini?

Ushahidi. Mchakato uliokwama una habari ndani yake, na ukiuua bila kuusoma, habari hiyo imekwenda. Kuanzisha upya bila kukusanya chochote ni kufunika kombe mwanaharamu apite: leo umelala, wiki ijayo atarudi saa ileile.

Dakika tano zinatosha. Kwenye PAN-OS, `show system resources` inaonyesha matumizi ya prosesa na memori ya upande wa usimamizi, `show system software status` inaonyesha mchakato upi unaendeshwa na upi umeanguka, `show system disk-space` inasema diski ikoje, na `show jobs all` inataja kazi zilizo kwenye foleni. Kisha soma `less mp-log ms.log`, logi ya `management-server` yenyewe. Kwenye FortiGate tumia `get system performance status`, `diagnose sys top` na `diagnose debug crashlog read`. Check Point ina `cpwd_admin list`, amri ninayoipenda kuliko nyingi. Safu ya STAT inaandika E kwa mchakato ulio hai na T kwa uliokufa, na safu ya `#START` inakuambia umeanzishwa mara ngapi. Ukikuta mchakato una 1 na mwingine una 47, huhitaji mpelelezi. Kwenye SRX anza na `show system processes extensive`, `show system storage` na `show system core-dumps`.

Nakili matokeo yote kwenye faili pamoja na saa uliyoyachukua. Kama kifaa bado kina nguvu, tengeneza pia faili la msaada wa kiufundi, lile la logi na hali ya kifaa analoliomba mtengenezaji. Kama kinahema kwa taabu, liache kwanza, maana kulitengeneza kunaongeza mzigo.

Jambo moja linasahaulika: mabadiliko ambayo hayajakomitiwa, yaani hayajaamriwa yaanze kutumika. Kama wewe au mwenzako mlikuwa katikati ya kazi, yahifadhini kwanza. Uliza kwenye kundi la kazi kabla ya kudhani uko peke yako ndani ya kifaa.

Amri zenyewe ni zipi?

PAN-OS: `debug software restart process management-server`. Huo ndio mchakato mkuu, na sesheni yako ya SSH inaweza kukatika. Usishtuke. Ukiingia tena mapema mno utaambiwa seva haijawa tayari, kwa hiyo nenda kanywe maji, urudi baada ya dakika kadhaa. Kama tatizo ni ukurasa wa wavuti tu huku mstari wa amri unajibu vizuri, anza na dogo: `debug software restart process web-server`, kisha `web-backend` kama lipo kwenye toleo lako.

FortiGate: tafuta namba za mchakato kwa `diagnose sys process pidof httpsd`, kisha `diagnose sys kill 11` ikifuatiwa na namba uliyoipata. Mlinzi wa mfumo atauzaa upya mwenyewe. Kwa kawaida utaona namba zaidi ya moja, kwa sababu kuna mzazi na watoto.

pfSense ni rahisi mno, na labda ndiyo maana watu hukosea. Kwenye menyu ya konsoli au SSH, chagua 16 kuanzisha upya PHP-FPM, kisha 11 kuanzisha upya ukurasa wa usimamizi, kwa mpangilio huo. Angalia kidole chako: 4 ni kurudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani na 5 ni kukiwasha upya. Menyu inauliza uthibitisho, lakini mtu mwenye usingizi hujibu ndiyo kwa kila kitu.

Juniper SRX: `restart web-management`. Ndiyo hiyo tu.

Check Point upande wa seva ya usimamizi: kama kinachogoma ni API, `api status` halafu `api restart`. Kama SmartConsole, programu ya msimamizi, haiunganishi kabisa, angalia kwanza poti 19009 inasikiliza, maana CPM ndiyo inayoishika. CPM huchukua dakika nyingi kuamka kwenye seva yenye hifadhidata kubwa. Nimeona watu wakiianzisha upya mara tatu mfululizo, kila mara wakiikatiza katikati ya kuamka, kisha wakasema imeharibika. Haikuharibika, ilinyimwa nafasi ya kuamka.

Cisco Secure Firewall: ingia kwenye hali ya `expert`, chukua mamlaka ya mzizi, kisha `pmtool status` itakuorodheshea michakato na hali zake. `pmtool restartbyid` pamoja na jina la mchakato ndiyo inayouanzisha upya.

Kuna tofauti gani kati ya signali 15, 9 na 11?

Signali ni ujumbe ambao mfumo huutumia mchakato. Signali 15 inabisha hodi: mchakato unapewa nafasi ya kufunga mafaili yake na kuaga. Signali 9 haibishi. Keneli inauondoa papo hapo, na kama ulikuwa unaandika kwenye hifadhidata, sentensi inabaki nusu. Signali 11 ni ile ya kosa la memori, na kuituma kwa makusudi ni kuufanya mchakato uamini umeanguka wenyewe. Ndiyo sababu hutumika kwenye FortiGate: mwanguko unaandikwa kwenye logi ya mianguko, na wahandisi wa mtengenezaji wanapata cha kusoma. Kwingineko, anza na 15, subiri, kisha 9 ikibidi.

Nimeuanzisha upya, ukapona, baada ya saa mbili umekwama tena. Sasa?

Sasa tunazungumza kuhusu ugonjwa. Ule wa mwanzo ulikuwa homa.

Angalia memori kwanza, na uangalie mwendo wake, si namba ya sasa peke yake. Chukua kipimo kila dakika kumi kwa saa kadhaa. Kama matumizi ya mchakato mmoja yanapanda tu bila kushuka hata usiku wakati hakuna anayefanya kazi, memori inavuja, na hiyo ni dosari ya programu. Dawa yake ni sasisho. Kwenye FortiGate uwe na namba tatu kichwani: kwa mipangilio ya kawaida, kifaa huingia hali ya kubana matumizi memori ikifika asilimia 88, hutoka ikishuka hadi 82, na ikifika 95 huanza kukataa sesheni mpya. Huko kwenye 95 ndiko tatizo la msimamizi linakogeuka kuwa tatizo la kila mtu.

Kisha tafuta anayegonga mlango sana. Mara nyingi ni skripti ya ufuatiliaji iliyoandikwa na mtu mwema aliyekwisha hama kazi. Inaingia kwa API kila baada ya sekunde chache, inasoma, na haiagi. Sesheni zinarundikana hadi mchakato unazama. Niliwahi kumsaka "mvamizi" wa aina hiyo siku mbili nzima, kumbe ni dashibodi iliyokuwa ukutani kwenye chumba ambacho hakuna aliyeingia kwa miezi. Angalia orodha ya wasimamizi walioingia, tazama anwani zao, na umuulize mwenye anwani inayojirudia. SNMP inayosoma majedwali makubwa ya ruti kila dakika inaleta madhara yaleyale.

Ripoti nazo zina lao. Kama kifaa kinakwama karibu saa ileile kila siku, fungua ratiba ya ripoti kabla ya kufungua kitu kingine. Swali moja la logi za siku thelathini bila kichujio linaweza kulaza upande wa usimamizi peke yake.

Diski imejaa. Nifute nini?

Diski iliyojaa ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, na ni ya kijinga kuliko zote. Mchakato unashindwa kuandika faili dogo la muda, unaanguka, unazaliwa upya, unashindwa tena. Na kila mwanguko unaacha faili la kumbukumbu ya memori ambalo lenyewe linazidi kujaza diski.

Anza na mafaili hayo ya mianguko, lakini lile la karibuni lihamishe nje kwanza kwa sababu mtengenezaji atalihitaji. Kwenye PAN-OS unayaona kwa `show system files` na kuyafuta kwa `delete core management-plane file`. Kwenye Junos, andika `request system storage cleanup dry-run` ili uone kitakachofutwa, kisha rudia bila `dry-run`. Baada ya hapo ondoa picha za programu za matoleo ya zamani ambayo hutarudi kwayo; hizo ndizo nzito.

Usiingie kwenye ganda la mfumo na kuanza `rm -rf` kwenye folda usiyoijua, hata kama mtu mtandaoni ameapa kwamba yeye alifanya hivyo na akapona. Na ukifuta faili ambalo mchakato bado umelishika, nafasi hairudi hadi mchakato huo uachie. Hapo kuuanzisha upya kuna maana kweli.

Komiti imekwama kwenye asilimia fulani na haisogei.

Iache. Kwenye kifaa kidogo chenye kanuni nyingi, komiti inaweza kukaa palepale dakika kumi na bado iko hai. Tazama prosesa: ikiwa inafanya kazi, komiti inafanya kazi. Kama prosesa imelala na logi haisogei, orodhesha kazi zilizo kwenye foleni, jaribu kuifuta ile iliyokwama kwa amri ya kawaida ya kifaa, na kuua mchakato kuwe hatua ya mwisho. Ukiukatiza katikati ya kuandika, unaweza kubaki na usanidi ambao upande mmoja unaujua na mwingine haujui. Ikitokea, linganisha usanidi unaoendeshwa na ule ulioandaliwa kabla ya kukomiti tena.

Hata SSH haikubali. Nifanyeje?

Kebo ya konsoli. Spidi ya 9600 ndiyo ya kawaida kwa vifaa vingi vya aina hii, ingawa baadhi hutumia 115200; ukiona herufi za ajabu kwenye skrini, badilisha spidi kabla ya kubadilisha kebo. Konsoli haipiti kwenye mtandao, kwa hiyo mara nyingi inabaki hai wakati njia nyingine zote zimekufa. Ikikupa nafasi ya kuandika jina la mtumiaji lakini haiendelei baada ya nenosiri, mfumo umeishiwa memori au diski kiasi kwamba hauwezi kukufungulia sesheni mpya. Hapo kuwasha upya kifaa kizima kunahalalika.

Kama kifaa kiko mbali na hakuna seva ya konsoli iliyounganishwa nacho, basi tayari unajua cha kuomba kwenye bajeti ijayo.

Kifaa changu kiko kwenye jozi, viwili vinavyopokezana kazi. Kuna cha kuhofia?

Kipo kimoja: kubadilishana zamu bila kukusudia. Michakato mingi ya usimamizi haihesabiwi kwenye afya ya jozi, lakini baadhi inahesabiwa. Kwenye klasta ya Check Point, `fwd` ikiacha kuripoti, kifaa kinaweza kuhesabiwa kuwa kibovu na mwenzake akachukua mzigo. Tazama `cphaprob state` kabla na baada.

Ninachofanya ni hiki: kama kinachougua ni kile kilicho kazini na mwenzake ni mzima, nahakikisha kwanza sesheni na usanidi vimelingana pande zote mbili, kisha nahamisha zamu kwa amri, kwa hiari yangu, saa niliyoichagua. Kwenye PAN-OS amri ni `request high-availability state suspend`. Baada ya hapo mgonjwa ni wangu, nafanya nitakalo. Nikimaliza, `request high-availability state functional`. Ukisahau hii ya mwisho, jozi yako ina mguu mmoja na hutajua hadi huo mmoja uteleze.

Si rahisi zaidi kuwasha upya kifaa kizima?

Ni rahisi kuandika. Lakini kwenye kifaa kisicho na mwenzake, kila mtu anakatika kwa dakika kadhaa, VPN zote zinajengwa upya, na ushahidi uliokuwa kwenye memori unafutika. Tena kifaa chenye diski inayokufa huenda kisirudi kabisa. Diski iliyozunguka miaka mitano bila kusimama huchagua siku hiyo kugoma. Kabla ya kuwasha upya, toa nakala ya usanidi nje ya kifaa. Kama huwezi kuitoa kwa ukurasa, ionyeshe yote kwenye skrini ya SSH na uihifadhi kama maandishi.

Kuna wakati ndiyo jibu sahihi, sikatai: keneli imekwama, michakato iko kwenye hali ya kusubiri diski isiyoisha na haifi hata kwa signali 9, au mtengenezaji ameagiza.

Seva ya usimamizi wa pamoja haikioni kifaa, ila kifaa kiko sawa.

Hapo usiguse ukurasa wa kifaa. Tatizo liko kwenye njia kati ya wawili hao. Jaribu poti. Cisco hutumia TCP 8305 kati ya kifaa na kituo chake cha usimamizi, na mchakato unaohusika ni `sftunnel`. Panorama ya Palo Alto hutumia 3978. FortiManager ya FortiGate hutumia 541. Poti ikiwa wazi na bado hawazungumzi, angalia vyeti na saa pande zote mbili. Cheti kilichoisha muda ni sababu ambayo haipoi kwa kuanzisha upya chochote. Kibaya zaidi, muunganisho uliokuwa hai unaweza kuendelea kuishi na cheti kilichoisha, kisha ukafa siku unapouanzisha upya. Ndiyo maana naangalia tarehe za vyeti *kabla*.

Naweza kuweka ratiba ianzishe upya kila usiku?

Kama daraja la kusubiria sasisho, sawa, na uandike tarehe ya kuliondoa. Kama suluhisho la kudumu, hapana. Ratiba ya namna hiyo hufukia dosari hadi wanaoikumbuka waondoke wote, na siku ikigongana na komiti ya usiku au nakala rudufu, utasaka chanzo ambacho hukikumbuki tena.

Nifungue ukurasa wa usimamizi kwenye intaneti ili niweze kuuanzisha upya nikiwa mbali?

Usithubutu. Oktoba 2022 ilitangazwa CVE-2022-40684, dosari iliyomruhusu mtu kuruka uthibitisho kwenye kiolesura cha usimamizi cha FortiOS, mfumo wa FortiGate. Novemba 2024 ikaja CVE-2024-0012, ya kuruka uthibitisho kwenye ukurasa wa usimamizi wa PAN-OS. Zote mbili zilitumiwa na wavamizi, na walioumia zaidi ni waliokuwa wameuacha ukurasa huo wazi kwa dunia nzima. Juni 2023 CISA, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, lilitoa agizo BOD 23-02: taasisi za kiraia za serikali kuu zikigundua kiolesura cha usimamizi kilicho wazi kwenye intaneti, ziwe zimekiondoa au kukiwekea udhibiti wa kuingia ndani ya siku 14.

Tumia VPN, kisha seva ya kurukia (kompyuta ya katikati unayoingilia kwanza), kisha mtandao wa usimamizi uliotengwa. Na kwa kuwa VPN hiyo mara nyingi inaishia kwenye fayawoli ileile inayougua, uwe na njia ya pili isiyopita humo: modemu ya simu iliyofungwa kwenye seva ya konsoli inatosha.

Nyongeza muhimu: kama ukurasa wako ulikuwa wazi na mchakato umeanza kuanguka bila sababu, usiharakishe kuuanzisha upya. Mianguko inayojirudia inaweza kuwa mtu anajaribu kuuvunja. Nakili logi nje, angalia kama kuna akaunti ya msimamizi usiyoitambua, na uwaite watu wa usalama.

Nikifungua tiketi kwa mtengenezaji, niandike nini ili nisizungushwe?

Toleo kamili la programu hadi tarakimu ya mwisho, modeli, saa tatizo lilipoanza pamoja na ukanda wa saa, kilichobadilika siku mbili kabla, na jina la mchakato uliokwama. Ambatisha faili la msaada wa kiufundi lililotengenezwa *kabla* ya kuanzisha upya, na jingine la baada ya hapo. Sema wazi umejaribu amri zipi na saa ngapi. Usiandike "fayawoli haifanyi kazi" wakati trafiki inapita; utapelekwa kwa kikosi cha trafiki na utapoteza nusu siku. Andika: "upande wa usimamizi haujibu, upande wa data uko sawa."

Na uliza swali hili moja mwishoni mwa tiketi: dosari hii imerekebishwa kwenye toleo lipi? Wakikupa namba, panga sasisho. Wakikuomba uanzishe tena mchakato uone, watumie matokeo ya `#START`.